Utafiti mmoja, idara nne: jinsi ya kujenga ushirikiano wa kitafiti katika chuo kikuu cha afya

Ushirikiano wa kitafiti katika chuo cha afya huanza pale daktari wa wodini, mtaalamu wa maabara, mfamasia na mtakwimu wanapokuwa na swali moja ambalo hakuna kati yao anayeweza kulijibu peke yake. Hati za makubaliano kati ya vyuo zina kazi yake, lakini bila swali hilo hubaki saini tupu. Na swali likishapatikana, kinachoamua kama watu wataendelea kufanya kazi pamoja ni mambo manne yaliyoandikwa mapema: majina ya waandishi, sampuli, data na fedha.

Mwongozo huu unafuata utafiti mmoja wa mfano tangu mwanzo hadi mwisho: usugu wa dawa kwa bakteria wanaopatikana kwenye damu ya wagonjwa waliolazwa. Tumeuchagua kwa sababu hauwezi kufanywa na idara moja. Damu inatoka wodini, bakteria wanaoteshwa maabara, dawa zinatolewa na famasia, na bila takwimu matokeo hayasemi kitu. Anayetafiti saratani ya shingo ya kizazi, selimundu au kifua kikuu atabadilisha vipimo tu. Mpangilio wa kazi ni uleule.

Hatua ya 1: Tafuta swali linalohitaji kila mtu

Itisha kikao cha saa moja na nusu, watu wasiozidi wanane. Kila anayekuja alete swali moja lililoandikwa kwenye nusu ukurasa. Usilete pendekezo lililokamilika ukiomba wenzako waliunge mkono. Ukifanya hivyo umewaajiri, hujashirikiana nao, na watakuonyesha tofauti hiyo kwa kasi watakayoijibia barua pepe zako.

Kila swali lijaribiwe hivi: ondoa idara moja, kisha uliza kama utafiti bado unawezekana. Kama unawezekana, idara hiyo imewekwa kwa heshima tu, na mtu aliyewekwa kwa heshima hatatoa muda wake. Swali letu la mfano linapita jaribio hilo: kati ya wagonjwa wazima wanaolazwa na homa na dalili za maambukizi makali, wangapi wana bakteria kwenye damu, na bakteria hao bado wanasikia dawa zipi, yaani bado wanazuiwa na zipi, kati ya zile zinazotolewa wodini?

Mtakwimu awemo kwenye kikao hicho cha kwanza, si baada ya data kukusanywa. Tazama kinachotokea akiwemo. Tuchukulie mgonjwa 1 kati ya 10 ataonekana na bakteria kwenye damu. Kukadiria asilimia hiyo kwa ukingo wa makosa wa asilimia 3 juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95, kunahitaji wagonjwa 385. Daktari anafurahi, idadi inawezekana. Lakini wagonjwa 385 watatoa bakteria 38 hivi tu, na nusu ya pili ya swali inahusu bakteria, haihusu wagonjwa. Kwa bakteria 38, ukisema nusu yao ni sugu, ukweli unaweza kuwa popote kati ya theluthi moja na theluthi mbili, takriban. Kushusha ukingo huo hadi asilimia 10 kunahitaji bakteria 97, yaani wagonjwa 970. Hospitali inayopata wagonjwa 8 wanaofaa kwa wiki itachukua wiki 121, zaidi ya miaka miwili. Hospitali tatu za aina hiyo zitamaliza kwa wiki 40 na ushee.

Hesabu hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kushirikiana. Iandike kwenye ukurasa wa kwanza wa pendekezo. Mkuu wa hospitali jirani akiuliza kwa nini ajiunge, muonyeshe.

Hatua ya 2: Taja watu, muda na mbadala wao

Kwa kila kazi andika jina la mtu, saa zake kwa wiki, na jina la atakayemshikia nafasi akiwa likizo au zamu ya usiku. Idara haichukui damu, mtu ndiye anayechukua.

Anayesahaulika mara nyingi ni muuguzi kiongozi wa wodi. Yeye ndiye anayejua mgonjwa amefika saa ngapi, na kama sindano ya kwanza ya antibayotiki imeshachomwa. Akiingizwa kwenye timu tangu siku ya kupanga, idadi ya sampuli zinazochukuliwa kabla ya dawa hupanda. Akiletewa fomu siku ya kuanza, fomu zitakaa mezani, na si haki kumlaumu.

Gawa pia maswali madogo kwa wanafunzi wa uzamili mapema. Mmoja achukue usugu kwa seftriaksoni, moja ya antibayotiki za sindano, mwingine muda unaopita kati ya kuchukua damu na majibu kufika wodini, mwingine gharama za dawa. Wanafunzi wawili wakigundua mwaka wa pili kwamba wanaandika tasnifu moja, wasimamizi wao hawatashirikiana tena.

Hatua ya 3: Andika makubaliano kabla ya chupa ya kwanza ya damu

Kurasa mbili au tatu zinatosha. Zisainiwe na kila mtafiti, na nakala iwe kwenye folda ya pamoja. Hapa msione haya. Watu wa kwetu huona aibu kuzungumzia majina na pesa mwanzoni mwa urafiki, na aibu hiyo imevunja timu nyingi kuliko ubaya wa mtu yeyote.

Waandishi. Majarida mengi ya tiba yanafuata masharti manne ya kamati ya kimataifa ya wahariri, ICMJE: mtu awe amechangia kwa kiasi kikubwa ubunifu wa utafiti, au ukusanyaji, uchambuzi au tafsiri ya data, awe ameandika rasimu au kuihariri kwa fikra, awe ameidhinisha toleo la mwisho, na akubali kuwajibika kwa kazi nzima. Yote manne kwa pamoja. Kutafuta fedha peke yake, au kuwa mkuu wa idara peke yake, hakumfanyi mtu mwandishi. Upande wa pili husahaulika: ICMJE inasema aliyetimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kutimiza yaliyobaki. Mtaalamu wa maabara aliyesoma sahani zote za kuoteshea bakteria mwaka mzima asinyimwe uandishi kwa kuwa hakutumiwa rasimu. Andikeni kwamba kila rasimu itatumwa kwa wote na kupewa siku 14 za kusomwa.

Kisha orodhesheni makala mnazotarajia, tatu au nne, na kila moja iwe na mwandishi wa kwanza na wa mwisho. Makala ya tiba iongozwe na wodi, ya usugu iongozwe na maabara, ya matumizi ya dawa iongozwe na famasia. Orodha ipitiwe kila miezi sita, maana aliyeahidi kuandika anaweza kuhama. Wekeni sharti la muda pia: mwandishi wa kwanza asipotoa rasimu ndani ya miezi minne baada ya kupata uchambuzi, nafasi inakwenda kwa mwingine. Kwa kugawa michango, mfumo wa CRediT wenye majukumu 14 unasaidia sana, kwa sababu una mahali pa kumtaja aliyetunza data na aliyesimamia mradi, kazi ambazo orodha ya majina peke yake haizionyeshi.

Sampuli. Nani anatunza bakteria waliogandishwa, kwenye friji ipi, na nani anaruhusu watumike kwa swali jipya? Kwa watafiti wawili makubaliano yao yanatosha. Zaidi ya hapo undeni kamati ya watu watatu, mmoja wao atoke nje ya mradi.

Data. Kila kituo kipate nakala kamili ya data yake muda wote, na data iliyounganishwa ipatikane kwa watafiti wote mara tu usafishaji unapokwisha. Data ikikaa kwenye kompyuta ya mtu mmoja, huyo ndiye mwenye mradi, hata kama karatasi zinasema vingine.

Ugomvi. Taja mtu mmoja kwa cheo chake, kwa mfano mkurugenzi wa utafiti wa chuo, atakayeamua ndani ya siku 30.

Hatua ya 4: Vibali, na fomu ya ridhaa yenye macho ya mbele

Tanzania Bara, anzeni na kamati ya maadili ya chuo. Tafiti zenye washirika wa nje ya nchi hupelekwa pia kwa kamati ya kitaifa iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na mtafiti asiye raia huhitaji kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Zanzibar ina kamati yake chini ya taasisi ya utafiti wa afya, ZAHRI. Kenya, kibali cha kamati ya maadili iliyosajiliwa hutangulia, kisha leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Hospitali tatu maana yake ni barua tatu za ruhusa pamoja na vibali hivyo. Tengeni miezi minne hadi sita, na msiajiri wakusanya data kabla. Kwa tafiti zilizopita NIMR, makala huombewa ruhusa ya kuchapishwa kabla ya kupelekwa kwenye jarida, nayo iingie kwenye ratiba.

Taarifa za wagonjwa zina sheria zake: Kenya ile ya mwaka 2019, Tanzania ile ya mwaka 2022. Zote zinataka mjue nani anashika taarifa, kwa sababu gani, na zinavuka mpaka vipi.

Fomu ya ridhaa ndiyo mahali ambapo ushirikiano wa baadaye hufa bila mtu kuona. Ikisema tu kwamba damu itapimwa bakteria, basi miaka miwili baadaye mwenzenu wa jenetiki akitaka kusoma vinasaba hamtakuwa na ruhusa, na wagonjwa hawatapatikana tena. Weka visanduku vinne vinavyojibiwa kimoja kimoja: kushiriki utafiti huu, kuhifadhi sampuli kwa tafiti za baadaye, kutumia sampuli kwa uchunguzi wa vinasaba, kupeleka sampuli au data nje ya nchi. Mgonjwa akikataa kisanduku cha pili, bado anaweza kushiriki. Na majibu hayo manne yaingizwe kwenye mfumo wa data kama vigezo, la sivyo hakuna atakayejua chupa ipi inaruhusiwa kusafiri.

Hatua ya 5: Utaratibu mmoja kwa vituo vyote

Majaribio ya awamu ya tatu ya chanjo ya malaria ya RTS,S yalifanyika katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, vikiwemo Bagamoyo, Korogwe na Kilifi, kwa watoto zaidi ya 15,000. Matokeo yaliunganishwa kwa sababu vituo vyote vilifuata itifaki moja. Kwa hospitali tatu kanuni ni hiyohiyo, na huu ndio mfano wa kiwango cha undani kinachotakiwa.

Damu ichukuliwe kabla ya antibayotiki. Ngozi isafishwe kwa klorheksidini yenye alkoholi, iachwe ikauke kwa sekunde 30, isiguswe tena. Kila chupa ya mtu mzima ipate mililita 8 hadi 10. Ukiweka mililita 3, bakteria walio wachache hawataonekana, na hospitali hiyo itaonekana ina maambukizi machache kuliko jirani yake. Chupa isiwekwe kwenye friji. Ikae joto la chumba na ifike maabara ndani ya saa mbili.

Maabara, chupa ziangaliwe kwa siku tano. Kipimo cha usikivu kwa vidonge vya karatasi vilivyolowekwa dawa kitumie agari (chakula kigumu cha kuoteshea bakteria) ya Mueller-Hinton yenye kina cha milimita 4, mchanganyiko wa bakteria wenye ukungu wa 0.5 kwenye kipimo cha McFarland, na nyuzijoto 35 kwa saa 16 hadi 18. Agari ikiwa nene, duara lisilo na bakteria kuzunguka kidonge linapungua na dawa inaonekana haifanyi kazi. Ikiwa nyembamba, kinyume chake. Kila wiki pimeni bakteria wa rejea, E. coli ATCC 25922, na matokeo yake yakitoka nje ya kiwango, majibu ya wiki hiyo yasitolewe mpaka chanzo kijulikane.

Chagueni mwongozo mmoja wa kusoma majibu, CLSI wa Marekani au EUCAST wa Ulaya, na toleo la mwaka mmoja. Kwa seftriaksoni dhidi ya E. coli, duara la milimita 23 kwa CLSI ni bakteria anayesikia dawa. Kwa EUCAST halifiki kiwango hicho. Maabara mbili zikisoma sahani ileile kwa vitabu viwili, mtachapisha tofauti ya miji ambayo kumbe ni tofauti ya majedwali. Kwa hiyo hifadhini milimita zenyewe kwenye data, si herufi za S (anasikia dawa) na R (sugu) pekee, ili majibu yaweze kusomwa upya.

Kila mwezi, bakteria 1 kati ya 10 apimwe tena na maabara ya kituo kingine bila kujua jibu la kwanza. Zungumzeni tofauti kwa utulivu, mkitafuta kasoro kwenye agari, vidonge au joto la kabati kabla ya kumtafuta mtu.

Hesabuni pia chupa zilizochafuliwa na bakteria wa ngozi. Zikipita asilimia 3, tatizo liko kwenye usafishaji wa ngozi wodini, na dawa yake ni mafunzo ya dakika 20 kwa kila zamu, ikiwemo ya usiku.

Na majibu yarudi wodini! Chupa ikionyesha bakteria, maabara impigie daktari wa zamu siku hiyohiyo na kumpa jibu la Gramu (rangi inayotenganisha bakteria katika makundi mawili makuu), hata kama jina la bakteria bado. Wodi inayotoa damu miezi mitatu bila kuona jibu lililomsaidia mgonjwa itaacha kutoa, na itakuwa na sababu.

Hatua ya 6: Data

Tumieni mfumo unaoandika nani alibadilisha nini na lini. REDCap, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Vanderbilt, hutolewa bila malipo kwa taasisi zisizo za faida zinazojiunga na mtandao wake, na inafanya kazi hata pasipo intaneti kupitia programu ya simu. Lahajedwali inayotumwa kwa barua pepe itazaa matoleo sita ndani ya wiki nne.

Namba ya mshiriki iwe ya kituo na mfuatano, mfano 02-0147. Jina na namba ya faili ya hospitali zikae kwenye orodha tofauti, kwenye kabati lenye kufuli la kituo husika.

Kosa moja la kwetu lichungwe sana: saa. Muuguzi mmoja ataandika damu imechukuliwa saa 4:00 akimaanisha saa nne asubuhi, mwingine ataandika 10:00 kwa wakati uleule, na maabara itasoma kwamba chupa ya kwanza imekaa saa sita zaidi njiani. Fomu iwe na mfumo wa saa 24, mfano 14:30, pamoja na neno asubuhi, mchana au usiku la kuhakiki. Tarehe ianze na mwaka, ili 03/04 isisomwe kwa njia mbili.

Jaribuni fomu kwa wagonjwa kumi wa kubuni, wakiingizwa na watu wa vituo vyote, kabla ya kuanza. Mtakwimu achambue hao kumi. Makosa mengi yataonekana hapo.

Hatua ya 7: Fedha

Bajeti ifuate kazi. Aliyepewa kazi awe na fungu lake, hata kama ni dogo. Chupa za kuoteshea damu zinaisha muda, kwa hiyo msinunue za mwaka mzima. Pangeni mizigo ya miezi mitatu, na agizeni mzigo unaofuata miezi mitatu kabla, maana manunuzi na forodha vinachelewa. Wekeni fungu la matengenezo ya friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri na mafuta ya jenereta. Kwa vituo vya nje, mkataba mdogo uonyeshe malipo ya kwanza yanatoka lini, kwa kuwa hospitali ndogo haina akiba ya kuutangulizia mradi.

Hatua ya 8: Kikao cha nusu saa kila wiki

Siku ileile, saa ileile, namba nne kwa kila kituo: wagonjwa waliofaa, waliosajiliwa, chupa zilizofika maabara, majibu yaliyorudi wodini. Pengo kati ya namba mbili linaonyesha tatizo liko kwa nani. Kundi la WhatsApp linafaa kwa ratiba na kuulizana; jina au picha ya fomu ya mgonjwa isipite humo kamwe.

Washirika wa nje ya nchi

Jaribio la Mwanza la mwaka 1991 hadi 1994, lililoonyesha kwamba kuboresha matibabu ya magonjwa ya ngono vijijini kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa asilimia 40 hivi, liliunganisha NIMR, shirika la afya la AMREF na chuo cha London cha usafi na tiba ya kitropiki, na huduma ilitolewa kupitia vituo vya afya vilivyokuwepo. Kazi kama hiyo inawezekana tu wenyeji wakishika usukani wa kazi ya uwanjani na wa uchambuzi pia.

Mshirika akiomba sampuli, anzeni kuuliza kama kipimo kinaweza kufanyika hapa au kwenye chuo jirani. Kama haiwezekani, mkataba wa kuhamisha sampuli utaje idadi, kipimo, tarehe ya kurudisha au kuteketeza mabaki, na mtafiti wa hapa atakayekwenda kujifunza kipimo hicho na kuongoza uchambuzi. Nusu ya kila sampuli ibaki nyumbani.

Bakteria wa daraja B katika kanuni za usafirishaji husafiri kwa alama ya UN 3373: chombo kisichovuja, kifungashio cha pili chenye kitu cha kufyonza, na boksi gumu la nje. Barafu kavu ina alama yake, UN 1845, na boksi liachiwe pa kupumulia, la sivyo gesi italipasua. Jazeni barafu ya siku mbili zaidi ya safari, na tumeni Jumatatu. Mzigo wa Alhamisi hulala uwanja wa ndege wikendi nzima.

Kwa mkuu wa skuli na mkurugenzi wa utafiti

Watafiti watafuata kile kinachowapandisha vyeo. Kama fomu ya kupandisha cheo inampa alama mwandishi wa kwanza na wa mwisho tu, mtakwimu na mtaalamu wa maabara watakwepa kazi za wengine, na watakuwa sahihi. Ibadilisheni ihesabu michango iliyotajwa kwenye makala. Tengeni ruzuku ndogo za mwaka mmoja zenye sharti la idara mbili na mtafiti chipukizi kama kiongozi mwenza, na mtoe nusu ya fedha baada ya makubaliano ya hatua ya 3 kusainiwa. Mlipieni mtakwimu muda wake kutoka mfuko wa chuo, ili asiwe mtu wa kuombwa msaada jioni.

Mradi ukiisha

Miezi mitatu kabla ya fedha kuisha, amueni nani atalipia friji. Tengenezeni ramani ya maboksi: rafu, boksi, tundu, namba ya mshiriki, tarehe, na majibu ya visanduku vinne vya ridhaa. Kila aina ya bakteria iwe na mirija miwili kwenye friji mbili za majengo tofauti, zenye nyaya za umeme tofauti. Kamusi ya data, toleo la mwongozo uliotumika na amri za uchambuzi vihifadhiwe kwenye maktaba ya kidijitali ya chuo, chini ya cheo cha mtunzaji na si jina lake. Halafu pelekeni jedwali la usikivu wa bakteria kwenye kamati ya dawa ya kila hospitali iliyoshiriki, likiwa la ukurasa mmoja, lenye bakteria upande mmoja na dawa upande mwingine, na idadi ya bakteria waliopimwa kwenye kila kisanduku.